Kampuni zetu ni ndugu, idara zetu hazisalimiani

Shangazi, shikamoo.

Najua barua nyingi unazopokea ni za ndoa na wakwe. Yangu ni ya kazini, ingawa nikiisoma tena naona haiko mbali na hizo: ndugu watatu wa baba mmoja, nyumba zao zinapakana, na kila mmoja amejenga ukuta.

Nasimamia mipango ya uzalishaji katika kiwanda cha vifungashio. Kiwanda ni kampuni moja kati ya tatu zilizo chini ya kampuni mama: sisi tunatengeneza, ya pili inauza, ya tatu inasafirisha. Kabla sijaajiriwa zote zilikuwa idara za kampuni moja. Baadaye wenye mali wakaamua kila idara isimame yenyewe, iwe na mkurugenzi wake, vitabu vyake vya hesabu na faida yake. Nembo zinafanana, bahasha zinafanana, na kufanana kwetu kumeishia hapo.

Nikusimulie wiki moja tu. Jumatatu, idara ya mauzo ya kampuni dada ilimwahidi mteja kwamba mzigo utamfikia Alhamisi. Haikutuuliza. Oda tuliipata Jumanne jioni, nayo haikuwa na vipimo vya mifuniko. Tukapiga simu kuuliza, aliyepokea akasema tuandike barua pepe na ipitie kwa mkuu wa idara yake. Vipimo vikaja Jumatano. Vijana wa zamu ya usiku wakakesha, na Alhamisi saa mbili asubuhi nikaandika kwenye mfumo kwamba mzigo uko tayari. Ukaondoka Ijumaa mchana. Mauzo wanasema tumewaaibisha mbele ya mteja. Sisi tunasema usafirishaji ndio waliochelewa. Usafirishaji wanasema mzigo haukuwa tayari walipofika, na kwamba madereva wao wamechoka kukaa getini kwetu mpaka mchana. Zikafuata barua pepe arobaini na tatu, nilizihesabu, na karibu kila moja iliwekewa wakubwa sita kwenye nakala.

Mambo ya fedha ndiyo usiseme. Usafirishaji siku hizi wanawapa malori wateja wa nje kwanza, kwa sababu wale wanalipa mapema. Sisi tunadaiwa nao ankara za miezi mitatu, na mhasibu wetu anasema hatalipa mpaka mauzo watulipe sisi. Mauzo nao wanasema hawalipii mzigo uliochelewa. Kila mwisho wa mwezi wahasibu watatu wanatafutana kwa simu kuulizana kwa nini hesabu hazilingani.

Sasa mkurugenzi wa kampuni mama amenipa wiki tatu nimwandikie pendekezo la kuboresha ushirikiano kati ya idara za kampuni zote. Kosa langu ni kwamba nilinyoosha mkono kikaoni nikasema tatizo letu ni moja. Tangu siku hiyo kila mtu ana ushauri. Afisa rasilimali watu anataka semina ya siku mbili nje ya ofisi, na fulana za rangi moja na mashindano ya kuvuta kamba. Mkuu wangu anataka kamati ya ushirikiano yenye wajumbe tisa. Kijana wa kompyuta anasema tununue mfumo mmoja wa kampuni zote na mengine yatajipa. Mimi, nikikueleza ukweli, naona watu wa kule hawana moyo wa kushirikiana, na moyo haununuliwi wala hauundiwi kamati. Niandike nini?

Na la mwisho, dogo. Kuna mwenzangu tulioanza kazi siku moja, meza zetu zilikuwa zinatazamana. Alihamishiwa kampuni ya usafirishaji, na sasa ndiye anayepanga safari za malori. Huu ni mwaka wa pili hatujazungumza ila kwa barua pepe, nazo zinaanza na "Rejea somo tajwa hapo juu". Nimsubiri anitafute?

Ni mimi, Mratibu Niliyechoka.

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Pole na barua pepe arobaini na tatu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nikaona mahali ulipopita mbio kama mtu anayekanyaga kaa la moto: madereva wanakaa getini kwenu mpaka mchana. Hukueleza kwa nini. Umesimulia kwa kirefu mauzo walivyochelewesha vipimo, ukahesabu hata wakubwa waliowekwa kwenye nakala, lakini lori linalosimama nje ya geti lako mwenyewe halikupata hata sentensi nzima. Tutaanzia hapo, maana hapo ndipo wewe una mamlaka.

Alhamisi saa mbili asubuhi, ulipoandika kwamba mzigo uko tayari, mzigo wenyewe ulikuwa wapi? Ngoja nikisie. Ulikuwa umetoka kwenye mashine. Watu wa ubora walikuwa hawajaupima. Stoo walikuwa hawajaupanga wala kuufunga. Karatasi ya kuutoa ilikuwa haijachapwa, kwa sababu anayeichapa husubiri sahihi ya watu wa ubora. Upande wako kazi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo hukudanganya. Lakini dereva akisikia "tayari" anaelewa kwamba akirudisha lori nyuma mlangoni, mzigo unapanda na karatasi anapewa mkononi. Na yule wa mauzo akiisoma "tayari" kwenye mfumo, anampigia mteja kumwambia mzigo uko njiani. Neno ni moja, waliolitumia ni watatu, na wote ni wakweli. Ndiyo maana barua pepe zilifika arobaini na tatu: mwongo mngemnasa kwenye ya tano.

Nayajua haya kwa sababu kabla ya safu hii nilifanya kazi ya stoo miaka kumi na moja, katika kundi la kampuni ambalo halihitaji kutajwa. Neno lililotutesa sisi lilikuwa "imepokelewa". Mzigo ukishushwa tu tulikuwa tunagonga muhuri ili dereva aende zake. Uhasibu wa kampuni dada wakiuona muhuri, wanaanza kuhesabu siku thelathini za kulipwa. Wahasibu wetu walihesabu siku hizo hizo kuanzia mzigo ulipokaguliwa, na ukaguzi uliweza kuchukua hadi siku tisa. Basi kila mwezi sisi tulikuwa wadeni sugu wa siku tisa, nao walikuwa watu wasio na subira. Tulichukiana karibu miaka miwili kwa ajili ya muhuri. Mwishowe ikachongwa mihuri miwili, mmoja "umeshushwa", mwingine "umekaguliwa", na pande zote zikakubaliana kuhesabu kuanzia ule wa pili. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Ila simu za kufokeana zilikoma ndani ya mwezi.

Usione aibu kwamba ni jambo dogo. Wakubwa kuliko ninyi yamewakuta. Airbus ilianza mwaka 1970 kama ubia wa Wafaransa na Wajerumani, baadaye Uhispania na Uingereza zikaingia, na mwaka 2001 sehemu zote zikaunganishwa kuwa kampuni moja. Zikabaki na mazoea manne. Ilipofika zamu ya ndege ya A380, ambayo ndani yake hupita zaidi ya kilomita 500 za nyaya, nyaya nyingi zilisanifiwa Hamburg na ndege ikaunganishwa Toulouse. Wahandisi wa Ujerumani na Uhispania walikuwa wanachora kwa toleo la 4 la programu ya CATIA, wenzao wa Ufaransa na Uingereza kwa toleo la 5, na matoleo hayo mawili hayakusomana sawasawa. Matita ya nyaya yalipofika kwenye mwili wa ndege yakaonekana mafupi, hayafiki yanakotakiwa kuungwa. Juni 2006 kampuni ikatangaza kuchelewa, hisa za kampuni mama zikaanguka, wakubwa wakaondoka, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Singapore Airlines mnamo Oktoba 2007. Hebu fikiria: watu wenye elimu yote ile, nembo moja, na kila upande ukiitazama picha yake ukiamini mwenzake anaona ile ile.

Sasa nije kwenye kauli yako kwamba watu wa kule hawana moyo wa kushirikiana. Moyo wa mtu hatuuoni, mwanangu. Tunachoweza kuona ni karatasi anayopimiwa kazi yake mwisho wa mwezi. Kabla hujaandika mstari wa pendekezo, ziombe karatasi hizo kutoka idara zote tatu, uzilaze mezani kwa pamoja. Sijaziona, lakini nikikosea nitashangaa. Ninyi mnapimwa kwa idadi ya vipande vilivyotoka kwenye mashine, ndiyo maana unaharakisha kuandika "tayari". Mauzo wanapimwa kwa oda zilizosainiwa, na mwenye kusaini Jumatatu humwahidi mteja siku yoyote anayoitaka. Usafirishaji wanapimwa kwa safari ambazo kila lori limefanya. Kwao lori lililosimama getini kwenu saa tano ni safari iliyopotea, na aliyelipanga ndiye anayeulizwa. Unasema wateja wa nje wanapendelewa kwa kuwa wanalipa mapema. Huenda. Mimi nadhani pia wanapakia mapema.

Kwa hiyo hao unaowaona hawana moyo wanafanya kwa bidii kile walichoajiriwa kufanya. Na wewe pia.

Hapa nikuonye juu ya hoja moja ambayo najua inakuwasha mdomoni, ile ya "jamani sisi ni ndugu". Usiende nayo kwa mkurugenzi wa kampuni ya usafirishaji. Kisheria kila kampuni ni mtu wake. Jambo hilo liliwekwa wazi Uingereza katika kesi ya Salomon mwaka 1897, na sheria za kampuni za nchi nyingi zimelifuata. Mkurugenzi yule anawajibika kwa kampuni yake. Akibeba mizigo ya ndugu kwa hasara mwaka mzima, wakaguzi watamuuliza yeye. Hata watu wa kodi watauliza, kwa sababu katika nchi nyingi kampuni zinazohusiana hutakiwa kuuziana kwa bei ambayo watu wasiojuana wangekubaliana. Undugu wa kampuni unahitaji karatasi kuliko ujirani. Haya yanahusu hata orodha za wateja na taarifa zao binafsi: usidhani kwamba kwa kuwa nembo ni moja mnaweza kupeana majina na namba za simu za watu bila kumuuliza mwanasheria.

Na kuna kichekesho ambacho wahasibu wenu watatu wanakijua, ila hawana muda wa kucheka. Kampuni mama inapotengeneza hesabu za pamoja, kanuni za kimataifa za uhasibu, hasa IFRS 10, zinataka madeni na mauziano ya ndani ya kundi yafutwe yote. Unachomdai ndugu yako na anachodaiwa yeye vinakutana na kuwa sifuri. Zile ankara za miezi mitatu zinazowanyima usingizi hazionekani kabisa kwenye ukurasa anaousoma mwenye mali. Anachokiona yeye ni mteja wa nje aliyelipa, au aliyeondoka. Hiyo hoja ndiyo ya kumpelekea mkurugenzi wa kampuni mama, kwa sababu ni yeye peke yake mwenye kukaa mahali pa kuiona.

Tuje kwenye zile barua pepe zenye wakubwa sita kwenye nakala. Mwaka 1916, mhandisi wa migodi wa Ufaransa aitwaye Henri Fayol, aliyekuwa ameongoza kampuni kubwa ya madini tangu 1888, aliandika jambo ambalo ningependa lichapwe lining'inizwe ukutani kwenu. Alichora ngazi mbili zinazokutana kileleni kwa mkubwa mmoja. Mtu aliye chini ya ngazi ya kushoto akitaka kusema na mwenzake aliye chini ya ngazi ya kulia, neno lake linapanda mpaka kileleni na kushuka upande wa pili, halafu jibu linarudi njia ile ile. Fayol akachora kijistari kati ya wale wawili wa chini, akakiita daraja. Wazungumze wenyewe, wakubaliane, kisha kila mmoja amwarifu mkubwa wake walichokubaliana. Wakishindwa kuelewana, au mkubwa akikataa, ndipo jambo lipande ngazi.

Soma vizuri sharti lake, maana wengi hulisahau: daraja ni halali kwa sababu wakubwa wa pande zote mbili wamelikubali. Yule aliyekwambia uandike barua pepe ipitie kwa mkuu wake huenda si mkaidi. Huenda aliwahi kukupa jibu kwa simu, likaenda kombo, akaitwa ofisini. Anajilinda kwa kupandisha ngazi, nawe unajilinda kwa kuweka wakubwa kwenye nakala. Mpaka wakubwa wenyewe waseme kwa maandishi kwamba watu hawa wawili, kwa mambo haya, wanaruhusiwa kumaliza wao kwa wao, hakuna atakayekanyaga daraja. Kwa hiyo pendekezo lako litaje madaraja kwa vyeo vyake: wewe na mpanga safari wa malori, wewe na mpokea oda wa mauzo, watu wenu wa ubora na yule anayepokea malalamiko ya wateja, mhasibu kwa mhasibu. Na liseme nini kinamalizwa hapo na kipi kinapanda. Kubadilisha saa ya kupakia, malizeni. Kubadilisha tarehe aliyoahidiwa mteja, malizeni siku hiyo hiyo na muwaarifu wakubwa. Kubadilisha bei, pandisheni. Wakishindwana mpaka kesho yake saa nne asubuhi, jambo linakwenda kwa wakuu wao wawili kwa pamoja, kwa simu moja, wala si kwa barua mbili zinazoshtakiana.

Semina sasa. Hapa nacheka kidogo kwa sababu ya ile kamba. Mwaka 1954, mtaalamu wa saikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22 wenye umri wa miaka kama kumi na mmoja kwenye kambi huko Oklahoma, Marekani, wakawagawa makundi mawili na kuwashindanisha kwa michezo, kuvuta kamba ikiwemo. Haikuchukua muda wakachukiana, wakachomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Watafiti wakajaribu dawa ile ile anayoitaka afisa wenu: wakawakutanisha wale pamoja, watazame filamu pamoja. Wavulana walichofanya ni kurushiana chakula na matusi. Kilichowapatanisha polepole ni kazi ambazo kundi moja lisingeziweza peke yake. Maji ya kambi yalikatika, wakalazimika kutafuta wote palipoziba. Siku nyingine lori la kuwaletea chakula likagoma kuwaka, na wavulana wakaenda kuchukua kamba ile ile waliyokuwa wakivutana nayo, wakaifunga kwenye lori, wakalivuta wote upande mmoja. Jaribio hilo lina wanaolilaumu, na nadhani wana haki, kwa jinsi watafiti walivyochochea ugomvi wenyewe. Lakini picha ya ile kamba sijaweza kuitoa kichwani.

Kwa hiyo usimkatalie afisa rasilimali watu, atakuchukia bure. Mwombe zile siku mbili, ila uzitumie kufuata oda moja. Chagua oda halisi, ikiwezekana ile ile ya Alhamisi. Wachukue watu wanne au watano wanaoigusa kwa mikono yao, si wakuu wa idara, muifuate kwa miguu tangu mteja alipopiga simu mpaka aliposaini kupokea. Kila kituo andikeni vitu viwili: ilifika saa ngapi na iliondoka saa ngapi. Msiandike nani alikosea. Nakuahidi mtakuta muda mrefu zaidi haukuwa kwenye mashine wala barabarani. Ulikuwa kwenye trei ya mtu, au kwenye kikasha cha barua pepe, oda ikisubiri kitu ambacho aliyenacho hakujua kwamba kinasubiriwa. Mkirudi, kaeni muandike ukurasa mmoja wa maneno yenu: "oda imekamilika" maana yake ina nini na nini ndani (vipimo vya mifuniko vikiwemo), "tayari" maana yake nini, "imechelewa" inahesabiwa kuanzia wapi. Fulana zikibaki, vaeni siku hiyo.

Kamati ya watu tisa sitaizungumzia sana. Kamati ya ushirikiano hukutana mara moja kwa mwezi kuzungumzia malori ya wiki tatu zilizopita. Kama mkuu wako hawezi kuishi bila kikao, mpe cha dakika kumi na tano kila asubuhi, kwa simu, wanaopanga kazi wa kampuni tatu, swali likiwa moja: leo kuna mzigo gani uko hatarini? Uwaziri wa ushirikiano pia usiukubali, yaani ule mtindo wa kumteua afisa mmoja awe kiungo. Kesho utakuta kila idara inamwambia mwenzake "pitia kwa kiungo", na mmejenga geti jipya.

Na mfumo mmoja wa kompyuta? Kijana wenu hajakosea, amewahi tu. Mkiununua leo mtapata "tayari" tatu ndani ya kompyuta moja, tena kwa gharama kubwa. Malizeni kwanza ukurasa wa maneno, kisha mwiteni.

Lililobaki ni vipimo na fedha, na hapa usiogope kuomba jambo zito. Omba kipimo kimoja kiandikwe kwenye karatasi za idara zote tatu, juu kabisa: ni oda ngapi zilizomfikia mteja zikiwa kamili, katika tarehe aliyoahidiwa. Vipimo vya zamani vibaki chini yake. Mauzo wakiahidi Alhamisi isiyowezekana, kinawauma na wao. Ukiandika "tayari" mapema, kinakuuma wewe. Kuna atakayesema si haki kupimwa kwa kosa la mwenzake. Mjibu kwamba mteja hupima hivyo hivyo, na hajawahi kuulizwa kama ni haki.

Upande wa fedha, pendekeza makubaliano ya huduma ya ukurasa mmoja kati ya kila kampuni mbili, yaliyosainiwa na wakurugenzi: bei, muda wa kujulishana, na nini hutokea upande mmoja ukishindwa. Weka humo tozo ya kusubiri getini. Ndiyo, itawauma ninyi. Iweke wewe mwenyewe kabla hawajaiomba, na utaona jinsi watakavyosoma kurasa nyingine kwa macho tofauti. Wahasibu nao wapewe siku moja maalumu kila mwezi ya kulinganisha madeni: lisilo na ubishi lifutane au lilipwe siku hiyo, lenye ubishi liandikwe pembeni na jina la atakayeumaliza. Tatizo lenu la ankara ni kwamba ubishi wa mzigo mmoja unazuia malipo ya mizigo ishirini isiyo na ubishi.

Usiombe haya yote kwa kampuni zote kwa siku moja. Mwombe mkurugenzi wiki nane na mteja mmoja, yule anayelalamika zaidi. Kurasa tatu zinakutosha. Ya kwanza iwe safari ya ile oda, saa kwa saa, bila jina la mtu. Na katika ukurasa huo kituo cha kwanza chenye kuchelewa unachokitaja kiwe cha kwenu, pale kati ya mashine na geti. Huo ndio ukurasa utakaowafanya wenzako wa kule waendelee kusoma.

Nimebakiwa na rafiki yako. Usimsubiri, na usimwandikie. Mpigie simu alfajiri, kabla malori hayajatoka, na usianze na habari za pendekezo wala mkurugenzi. Muulize Alhamisi ile lori lake lilisimama getini kwenu kwa saa ngapi. Halafu nyamaza umsikilize, hata kama jibu litaanzia mwaka juzi.